Ukienda na Mtoto, Hujaenda Kucheza

Kila nikilalamika kwamba sipati muda wa kucheza, hakosi mtu wa kuniambia: "Si uende naye tu?" Anasema kwa nia njema, na mara nyingi ni mtu ambaye hajawahi kusimama katikati ya uwanja wa gofu ya visahani na mtoto wa miaka miwili aliyeamua kwamba leo hatembei, habebwi wala hakai kwenye kigari. Mimi nimekwenda naye sana, ndiyo maana nina msimamo. Ukienda na mtoto, umempeleka mtoto kutembea. Hujaenda kucheza. Yote mawili ni mazuri, ila tangu nilipoacha kuyachanganya, nyumbani kwangu kuna amani na visahani vyangu havishiki vumbi.

Kwa asiyeujua mchezo: ni gofu kweli, lakini hakuna fimbo wala mpira. Unarusha kisahani cha plastiki, na badala ya shimo ardhini kuna kikapu cha chuma juu ya nguzo, kimezungushiwa minyororo inayoning'inia ili kukidaka. Unaanzia kwenye kijukwaa cha zege, unarusha, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena mpaka kiingie. Anayemaliza kwa mirusho michache ndiye mshindi. Visahani vyenyewe si vile vya kuchezea ufukweni. Ni vidogo zaidi, vigumu zaidi, na kila kimoja kina kazi yake: kuna cha masafa marefu chenye ukingo mkali, kuna cha masafa ya kati, na kuna cha kumalizia, butu na mpole, ambacho ndicho nikipendacho. Kimoja dukani ni dola kumi hadi ishirini, na kwa kuanzia vitatu vinakutosha kabisa.

Mimi ni mtu wa Tanga niliyeolewa nikaja kuishi Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako baridi ya Januari inaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya jioni, saa tisa alasiri hadi saa tano usiku, wikendi moja kazini na moja nyumbani. Mume wangu yuko ghalani, anatoka kabla hakujapambazuka na kurudi saa nane na nusu mchana. Bei ya kulelewa mtoto huku usiniulize. Kwa hiyo tunapishana mlangoni: yeye anaingia, mimi natoka, mtoto anahama mkono. Ndoa nyingi za Waswahili wa huku zinaendeshwa hivyo hivyo, watu wanaonana vizuri Jumapili.

Mchezo nilifundishwa na mama mmoja wa makamo tunayefanya naye kazi, kabla sijabeba mimba. Alinipeleka Kaposia, bustani ya umma kule South St. Paul, yenye vikapu 24 vilivyotawanywa kwenye vilima na msitu. Nilirusha kisahani chake kizuri, kikapinda kushoto kama kawaida ya kisahani cha mtu wa mkono wa kulia, kikazama kwenye vichaka. Tulikitafuta pamoja, tukakipata, akasema, "Haya, endelea kutoka hapo." Hapakuwa na mlinzi wa geti, hapakuwa na tiketi, hakuna aliyeniuliza nimevaa nini. Nilikuwa na hijabu na raba za kazini. Nikajua huu unanifaa.

Aliyeufanya mchezo uwe hivi ni mzee mmoja wa California, Ed Headrick, aliyekuwa mtu wa kampuni ya Wham-O, watengenezaji wa Frisbee, vile visahani vya ufukweni. Watu walikuwa wakirusha visahani kulenga miti, nguzo za taa na mapipa ya taka miaka mingi kabla yake. Yeye mwaka 1975 akaweka uwanja wa kwanza wa kudumu, Oak Grove Park huko La Cañada Flintridge, mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wachezaji, PDGA, ambacho mpaka leo ndicho chenye kanuni za mchezo, na akapata hataza ya kikapu cha minyororo alichokibuni pamoja na mwanawe. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki ya visahani vya kumbukumbu, kama alivyotaka mwenyewe. Nilimsimulia mama mkwe wangu habari hiyo kwenye simu. Akavuta istighfari mara kadhaa, kisha akauliza bei ya mchele huku.

Ila mimi namshukuru Headrick kwa jambo moja ambalo wachezaji wasio na watoto hawaliwazii: aliuweka mchezo ndani ya bustani za umma. Gofu ya mpira inataka nafasi ya kuhifadhiwa mapema, ada, na asubuhi nzima. Huku viwanja vya kulipia vipo, mfano Blue Ribbon Pines kule East Bethel, wenye misonobari mirefu ya kupendeza, lakini vingi ni bure. Unaingia muda wowote na unaondoka muda wowote. Ukipigiwa simu ukiwa kikapu cha saba, unafunga begi unakwenda. Raundi ya vikapu 18 peke yangu, bila kuzubaa, ni kama saa moja na robo. Kwa mzazi, hiyo saa na robo ndiyo habari yote.

Sasa nirudi kwa mtoto.

Alipokuwa mchanga nilijidanganya na mbeleko. Nilisema, mama zetu wamelima, wametwanga, wamepanda daladala na mtoto mgongoni, nitashindwaje na kisahani? Tatizo ni namna mrusho wenyewe ulivyo. Mrusho wa mbali unaanzia miguuni: unapiga hatua, unageuka mpaka unakipa kikapu mgongo, halafu kiuno kinafunguka ghafla, bega linafuata, mkono unakuja mwisho kabisa. Nguvu yote inatoka kwenye kule kugeuka. Sasa huyo uliyemfunga mgongoni, kichwa chake kitakwenda wapi? Nilisimama kwenye kijukwaa, nikajigeuza taratibu bila kurusha, nikahisi kashavu kake kakinigonga kwenye uti wa mgongo. Nikarudisha kisahani begini palepale. Na hata asingekuwepo, misuli yangu ya tumbo ilikuwa bado imeachana baada ya kujifungua, hakuna mrusho wa mbali niliokuwa nauweza.

Kumalizia, hata hivyo, kunawezekana. Ukiwa ndani ya mita 10 kutoka kikapuni, kanuni zinakutaka uoneshe umesimama imara baada ya kuachia kisahani, usiangukie mbele. Wengi wanahangaika na hilo. Mtu mwenye mtoto aliyelala mgongoni hana namna nyingine ya kusimama: magoti laini, kiuno kimetulia, mkono peke yake ndio unaofanya kazi. Miezi ile nilitembea viwanja vizima nikipita vijukwaa vyote bila kuvitazama, naweka kisahani chini hatua kadhaa kutoka kikapuni, namalizia, naenda kingine. Wachezaji wengine walinitazama kama mtu asiyejua mchezo. Lakini leo ukinikuta mita 7 kutoka kikapuni, weka pesa yako kwangu.

Usiku nilikuwa namnyonyesha huku nikitazama mashindano kwenye YouTube, sauti nimezima. Kuna mrusho wa James Conrad kwenye fainali za dunia mwaka 2021 kule Ogden, Utah, nadhani nimeutazama kuliko nilivyotazama harusi yangu. Yuko nyuma ya Paul McBeth kwa mrusho mmoja, kikapu cha mwisho, umbali wa mita 75 hivi, lazima kiingie moja kwa moja. Kikaingia. Wakaenda kwenye kikapu cha kuamua mshindi na Conrad akachukua ubingwa. Mume wangu aliniona nimeziba mdomo kwa mkono saa nane usiku akadhani kuna msiba nyumbani. Nilipomweleza, akauliza swali la kiume: "Kwani kuna hela humo?" Nikamwambia huyo aliyeshindwa alikuwa amesaini mkataba wa miaka kumi na Discraft, kampuni ya kutengeneza visahani, dola milioni 10. Tangu siku hiyo anaheshimu begi langu kidogo.

Siku hizi bibie anatembea, tena anakimbia. Asubuhi za katikati ya wiki, kabla sijaenda kazini, nampeleka Acorn Park kule Roseville. Kuna uwanja wa visahani na kuna bembea za watoto, na asubuhi za siku za kazi wachezaji ni wachache. Nachukua visahani vitatu tu. Nikifika sihesabu chochote.

Anachokipenda ni kikapu. Ukingo wa kikapu cha kanuni uko sentimita 82 kutoka ardhini, na mtoto wa miaka miwili ana urefu unaokaribia huohuo, kwa hiyo akisimama wima chuma kinakuwa usawa wa uso wake. Anakishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeegemea kaunta ya duka, anachungulia ndani, anaingiza kisahani, anakitoa, anakiingiza. Halafu anatingisha minyororo. Akiisha kutingisha anatazama nyuma kuona kama nimesikia. Ninapaswa kupiga makofi. Nisipopiga, anarudia. Kikapu kimoja kinaweza kutuchukua muda ambao peke yangu ningemaliza vitano, na ole wangu nimwambie twende kingine kabla hajaridhika. Mkono mmoja nauweka mbele ya paji la uso wake muda wote, maana akisisimka anaruka, na chuma hakina huruma.

Kuna kile kisahani kidogo cha kuwekea alama mahali kilipoangukia kile kikubwa. Hicho amekitaifisha. Analala nacho.

Kwenye usalama sina mzaha. Wachezaji wa kulipwa hurusha kisahani kwa kasi inayozidi kilomita 110 kwa saa. Wa mtaani wako chini ya hapo, lakini ukingo mgumu ukitua kwenye kichwa cha mtoto hautauliza cheo cha aliyerusha. Sisimami naye mbele ya mtu anayerusha, hata awe mbali vipi. Nikiona watu wanakuja, tunatoka njiani, tunajibanza nyuma ya mti mnene, nawapungia mkono wapite, na bibie anawaaga mmoja mmoja. Nikirusha mimi, yeye anakuwa nyuma yangu ameshikilia mkanda wa begi, na ninarusha kwa kusimama tu, bila hatua. Tukirudi nyumbani ni ukaguzi wa kupe kabla ya chakula: nyuma ya masikio, kwenye mstari wa nywele, kwapani, na pale mpira wa nepi unapobana. Kupe wa paa wa huku wanabeba ugonjwa wa Lyme, na wakiwa wachanga ni wadogo kuliko punje ya ufuta. Wazungu wana sprei zao, nami ninazo pia, lakini naamini macho yangu zaidi.

Huo ndio mtoko wake, na naupenda. Lakini mtu akiniambia basi mama umecheza leo, namkatalia. Mchezo unataka akili iwe sehemu moja. Unataka usimame, usikie upepo unatoka wapi, uchague kisahani, uone njia yake angani kabla hujakiachia. Huwezi kufanya hayo huku jicho moja liko kwa mtu anayeonja koni ya msonobari. Ukijaribu, unaishia kumkasirikia mtoto kwa sababu ni mtoto, na kuukasirikia mchezo kwa sababu hauchezeki. Nimewaona akina baba pale wakisukuma kigari kwa mkono mmoja juu ya mizizi ya miti, mtoto analia, baba anahesabu mirusho kwenye UDisc, programu ya simu ya kuhesabia. Nani hapo ana raha?

Kwa hiyo mchezo wangu halisi niliuweka mahali pengine, na mahali penyewe nilipewa na dini yangu. Huku kiangazi usiku ni mfupi mno. Mwezi Juni alfajiri inaingia kabla ya saa kumi, na jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja na nusu. Wikendi ambayo sina zamu naamka kusali, na baada ya sala huwa na uamuzi mdogo: kurudi kitandani au kuchukua funguo za gari. Kuna siku kitanda kinashinda, sitajisifu. Nikichukua funguo, nafika Kaposia macho yanaanza kuona mbali. Umande umelowesha kila kitu, na kisahani chenye maji kinateleza mkononi kikaenda kinakotaka, kwa hiyo nina kanga kuukuu niliyoikata vipande kwa ajili ya kufutia. Bado inasomeka nusu ya jina lake. Paa wako njiani na hawana haraka. Nabeba visahani vinne, natembea haraka, simsubiri mtu. Saa moja na nusu asubuhi niko nyumbani, na bibie ndiyo kwanza anadai uji.

Muda huo haukuja wenyewe, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi. Wanawake tumezoea kuomba. "Baba fulani, naomba nitoke kidogo." Ukiomba, unapewa kama fadhila, na fadhila ina deni. Mimi nimekaa miaka kwenye kazi za zamu, na kitu kimoja kuhusu zamu ni kwamba ikiisha hakuna anayeomba radhi kwa kuondoka. Basi tuliketi na mume wangu, tukaandika kwenye kalenda ya jikoni. Jumamosi yangu ya mapumziko, kuanzia alfajiri hadi saa moja na nusu, zamu ya mtoto ni yake. Jumapili jioni zamu ya mtoto ni yangu, na yeye ana lake. Tukaweka na kanuni: aliye nje anaacha simu imewashwa, aliye ndani hapigi ila kwa homa au damu. Soksi ziko wapi, hiyo si homa. Anakula nini, hiyo pia si damu. Wiki za mwanzo zilikuwa na misukosuko, na nguo alizokuwa akimvalisha mtoto zilistahili kupigwa picha, lakini mtoto alikuwa mzima, ameshiba, na amefundishwa kusema "gooo!" kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

Aliyechelewa kuelewa ni mama mkwe. Saa kumi na mbili asubuhi kwetu, Tanga ni saa nane mchana, ameshakula, ana nafasi ya kupiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona nasikia upepo, uko wapi?"

"Nimetoka kidogo mama, niko uwanjani."

"Na mjukuu wangu yuko na nani?"

"Yuko na baba yake."

Kimya kirefu. Kisha: "Wamekula?"

Nikamjibu wamekula, ingawa hakika walikuwa bado wamelala. Huwa hampigii mwanawe kumuuliza hayo. Dabi ya Kariakoo ikichezwa saa kumi na moja jioni Dar es Salaam, huku kiangazi inakuwa saa tatu asubuhi, na mume wangu anakwenda kuitazama kwa rafiki yake akiwa na jezi ya Yanga tangu kitandani. Sijawahi kusikia simu kutoka Tanga ikiuliza amemwacha mtoto na nani. Hata wanawake wenzangu kwenye shughuli, wakisikia nimetoka alfajiri kurusha visahani, wanacheka kwanza, halafu mmoja ananivuta pembeni kuuliza kama ni kweli ni bure. Wawili nimeshawapeleka. Mmoja ana mkono wa kutisha, alikuwa anacheza netiboli shuleni.

Majira ya baridi mpango wote unavurugika. Jua linachelewa, theluji inafika magotini, na kisahani kikitua kwenye theluji laini kinapotea kabisa. Wenyeji wanakibandika utepe mrefu chini ili mkia ubaki juu. Wapo wanaocheza hivyo hivyo, na kuna mashindano ya baridi yanaitwa Ice Bowl ambayo huchangisha chakula kwa wenye njaa. Nawavulia kofia. Mimi nina kikapu cha kukunja kwenye chumba cha chini ya nyumba, mita 6 kutoka kwenye mashine ya kufulia. Hapo bibie ni mwajiriwa wangu: mimi namalizia, yeye anatoa visahani kikapuni na kuniletea kimoja kimoja, akipumzika njiani kuzungumza na kila kimoja. Hapo naweza kumruhusu, kwa sababu hakuna raundi ya kuharibika.

Sasa kuna suala la Mei. Msimu wa kuvua samaki wa walleye Minnesota hufunguliwa Jumamosi ya katikati ya Mei, siku ambayo wanaume wa jimbo hili huichukulia kama sikukuu, na mume wangu amejiunga nao. Amenunua fimbo, amekata leseni, ana rafiki mwenye boti. Mara nyingi wikendi hiyohiyo ndiyo yenye siku ya akina mama. Safari hii Jumamosi hiyo imeangukia kwenye wikendi yangu ya mapumziko. Tumejadiliana jikoni kwa sauti ya chini kwa sababu mtoto alikuwa amelala. Jumamosi achukue yeye, kuanzia usiku hadi jioni, na samaki atawaparua mwenyewe. Jumapili ni yangu yote, si mpaka saa moja na nusu, ni yote: alfajiri Kaposia, na mchana nakwenda na yule mwenzangu wa netiboli kuiona The Preserve kule Clearwater, mahali ambapo mabingwa ninaowatazama usiku wamewahi kuja kucheza. Mama mkwe akipiga, mwanawe atapokea. Amekubali. Nimemwambia aandike kwenye kalenda mwenyewe, kwa mwandiko wake.